Jeraha Limepona, Mkono Bado

Ndugu msomaji, hebu utazame mkono ulioshika gazeti hili. Unaihisi karatasi. Unajua ni nyepesi, unajua iko wapi, wala hukuhitaji kuvitazama vidole. Vidole vinaijua kazi yao.

Sasa fikiria mkono huohuo ushike karatasi usiihisi. Ushike sufuria la moto usijue kama unaungua. Tena usiku ukifika, vidole hivyohivyo visivyohisi kitu viwake moto kama vimepakwa pilipili.

Wapo wenzetu wenye mikono ya namna hiyo. Wengi wao walikatwa na panga, bati, kioo au mashine. Wakapelekwa hospitali, wakapasuliwa, wakashonwa. Jeraha likafunga. Watu wakawapa pole, kisha wakasahau. Lakini mkono haujarudi kazini.

Leo tuzungumze juu ya mikono hiyo. Tuone kwa nini inachelewa kupona, na mwenyewe afanye nini, na jamaa zake wafanye nini.

MUUZA MADAFU

Hebu tumfikirie ndugu mmoja muuza madafu. Tuseme anauza pale Kwa Mathias, hapa Kibaha, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kazi yake anaijua vizuri. Mkono wa kushoto unashika dafu, mkono wa kulia unashika panga. Siku moja panga linateleza. Linamkata mkono wa kushoto, upande wa ndani, pale penye kifundo, karibu na kiganja.

Anakimbizwa hospitali. Daktari anamfanyia upasuaji. Anaziunga kano zilizokatika, na mshipa wa fahamu uliokatika anaushona. Baada ya wiki mbili nyuzi za juu zinatolewa. Baadaye plasta ngumu nayo inatolewa. Kovu ni safi kabisa.

Miezi mitatu inapita. Kidole gumba, kidole cha shahada na cha kati bado vina ganzi. Usiku vinawaka moto. Kufunga kifungo cha shati hawezi. Dafu linamponyoka. Siku moja anapewa chai katika kikombe cha bati. Anakishika, anakunywa, anaongea. Mke wake ndiye anayeona malengelenge kwenye vidole.

Kaka yake anamwambia, "Bwana mdogo, jeraha limepona zamani. Sasa unaogopa kazi tu."

Yeye anajibu, "Kaka, mkono huu naona kama si wangu."

Je, nani anasema kweli? Kaka anaona ngozi, na ngozi kweli imepona. Mdogo wake anaeleza habari za kilicho chini ya ngozi. Basi na sisi tuingie huko chini tukaone.

KILICHO CHINI YA NGOZI

Katika mkono kuna kamba za aina tatu, na watu wengi huzichanganya.

Kwanza ni mishipa ya damu. Hiyo inaleta damu na kuirudisha.

Pili ni kano. Hizo ni kamba ngumu zinazovuta vidole ili vikunje na kunyooka.

Tatu ni mishipa ya fahamu. Hii ni kama waya wa simu kati ya mkono na ubongo. Inapeleka habari juu: "Hiki ni cha moto, hiki kinachoma, hiki ni laini." Na inaleta amri chini: "Achia! Shika! Kunja kidole!"

Mishipa mikubwa ya fahamu inayofika mkononi ni mitatu. Mmoja unapita katikati ya kifundo na kuingia kiganjani. Huu ndio unaohisi kwa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Wa pili unapita nyuma ya kiwiko na kwenda upande wa kidole kidogo. Ukigonga kiwiko ukasikia kama umeme, umeugonga huo. Wa tatu unapita upande wa nje wa mkono. Huo unakusaidia kuinua kifundo na vidole, na unahisi nyuma ya mkono.

Muuza madafu wetu alikatwa ule wa kwanza. Ndiyo maana kidole chake kidogo kinahisi kama kawaida, lakini gumba na shahada havihisi.

KWA NINI MSHIPA WA FAHAMU UNACHELEWA

Ngozi ikishonwa hushikana upesi. Mshipa wa fahamu haushikani hivyo. Ukikatwa, nyuzi zote zilizo upande wa vidoleni hufa. Kinachobaki upande huo ni ganda lake, kama bomba tupu.

Tazama mmea wa pasheni uliopanda juu ya kamba. Mbuzi akiung'ata katikati, sehemu ya juu hukauka. Sehemu iliyobaki na mizizi huchipua tena na kuifuata kamba ileile. Mshipa wa fahamu nao ni hivyo. Mizizi yake iko upande wa uti wa mgongo. Daktari wa upasuaji anaunga ganda, yaani anafunga kamba iliyokatika. Kutambaa ni kazi ya mmea wenyewe.

Na unatambaa polepole. Mwendo wake kwa mtu mzima ni kama milimita 1 kwa siku. Chukua rula uitazame milimita 1. Ndiyo hiyo, safari ya siku nzima.

Sasa tufanye hesabu. Pima kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa watu wengi ni kama sentimita 18, yaani milimita 180. Kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku, ni siku 180. Hiyo ni miezi 6. Tena mshipa hukaa kama mwezi mmoja kabla ya kuanza safari. Jumla ni kama miezi 7.

Muuza madafu wetu ana miezi 3 tu. Toa ule mwezi wa kusubiri, inabaki miezi 2. Basi mshipa wake umetambaa kama milimita 60, yaani sentimita 6. Bado uko kiganjani. Haujafika vidoleni. Sasa vidole vitahisi kwa kutumia nini?

Mtu aliyekatwa karibu na kiwiko ana safari ndefu zaidi. Tuseme ni sentimita 45. Hiyo ni siku 450, zaidi ya mwaka mmoja.

TUSEME KWELI YOTE

Hatutaki kumdanganya mtu. Si kila mshipa unafika safari yake. Nyuzi nyingine huzuiwa na kovu. Nyingine hujikusanya na kufanya kifundo kidogo chini ya kovu. Ukikigusa, umeme unapiga. Nyingine hufika, lakini zinaingia mlango wa jirani. Ndipo mtu anaguswa kidole cha shahada akadhani ameguswa cha kati.

Watoto hupona vizuri zaidi kuliko watu wazima. Mtu mzima aliyekatwa mshipa mkubwa mara nyingi hubaki na ganzi kiasi fulani, hata kama alishonwa vizuri. Ugonjwa wa kisukari na uvutaji wa sigara huchelewesha zaidi.

Tena tatizo hili si la waliokatwa peke yao. Mshipa unaweza kupondeka mfupa unapovunjika. Unaweza kubanwa muda mrefu pale kifundoni, mtu akafika kwa daktari amechelewa. Akipasuliwa unaachiwa nafasi, lakini ulikwisha kuchoka. Wapo pia walioanguka na pikipiki na mishipa ya begani ikavutika au kukatika. Wote hawa safari yao ni ya miezi au miaka.

DAKTARI ALIYEKATWA MSHIPA KWA HIARI YAKE

Kulikuwa na daktari huko London, jina lake Henry Head. Alitaka kujua jinsi hisi inavyorudi. Wagonjwa aliowauliza hawakuweza kumweleza vya kutosha. Basi mwezi Aprili 1903 aliwaomba wenzake wamkate mshipa wa fahamu wa mkono wake mwenyewe wa kushoto, kisha wauunge.

Rafiki yake, Daktari Rivers, alimpima kwa miaka kadhaa. Alimgusa kwa pamba, akamchoma kwa sindano, akamwekea vitu vya moto na vya baridi, na yote akayaandika. Mwaka 1908 walitoa taarifa yao.

Waliona kwamba hisi hairudi yote kwa mara moja. Maumivu na hisi ya moto na baridi vilianza kurudi mapema, tena kwa ukali wa kuudhi. Kitu kidogo kilimsumbua sana. Hisi nyororo, ile ya kujua pamba imegusa hasa wapi, ilichelewa sana.

Wataalamu wa baadaye wamebishana naye katika mambo fulani. Lakini tunajifunza hili: huyu alikuwa daktari, alikatwa kwa kisu safi, akashonwa na mtaalamu. Hata hivyo alingoja miaka. Basi mkulima aliyekatwa na panga akiambiwa angoje, asidhani amedharauliwa.

Daktari mwingine, Mfaransa aitwaye Jules Tinel, alieleza mwaka 1915 njia nyepesi ya kujua mshipa umefika wapi. Mtaalamu hugonga polepole kwa kidole juu ya njia ya mshipa. Pale ncha yake ilipofika, mgonjwa husikia kama sindano au umeme ukielekea vidoleni. Mwezi ujao akigonga, mahali pale huwa pamesogea mbele. Kwa hiyo mchomo wa namna hiyo waweza kuwa habari njema.

MAUMIVU YA KUWAKA MOTO

Kwa nini kidole chenye ganzi kiume? Kwa sababu waya ulioharibika hupeleka habari za uongo. Kidole hakijaguswa na kitu, lakini ubongo unaambiwa, "Moto! Moto!" Maumivu hayo ni ya kweli, ingawa moto haupo. Katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell aliwatibu askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Wengine walikaa mchana kutwa wamefunika mkono kwa kitambaa chenye maji. Hao walikuwa askari, hawakuwa watu wa kulialia.

Hapa kwetu wapo wanaosema, "Hapa pana mkono wa mtu." Mgonjwa anapelekwa kuchanjwa chale kwenye mkono usiohisi. Ndugu zetu, wembe juu ya ngozi yenye ganzi unaweza kuleta usaha na hasara kubwa kuliko ya kwanza. Wengine hupaka dawa za kuchoma au hukanda kwa maji ya moto sana. Mkono usiohisi hauwezi kusema, "Basi, umezidi."

Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazitoshi kwa maumivu ya namna hii. Daktari anaweza kutoa dawa nyingine, kama amitriptilini, gabapentini au kabamazepini. Mtu akisikia kwamba hizo ni dawa za sonona au za kifafa, asishtuke. Daktari hakumdhania kichaa wala kifafa. Dawa hizo hutuliza pia mishipa ya fahamu. Huanza kwa kiasi kidogo, na nguvu yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Baadhi huleta usingizi na kukausha mdomo. Usijinunulie mwenyewe, usimgawie jirani, usiache ghafla bila kumwuliza daktari, na weka mbali na watoto.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya yote: katika wiki za kwanza fuata amri ya daktari. Kano na mshipa ulioshonwa ukivutwa mapema unaweza kuachia. Ukisharuhusiwa kuutumia mkono, anza kazi hizi.

1. Linda mkono kwa macho.

Ngozi hailindi tena, basi macho yalinde. Tazama kila unachokishika. Shika vitu vya moto kwa mkono mzima, au kwa kitambaa kinene. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko au kwa mkono mwingine. Tumia mwiko mrefu. Usikae karibu na jiko la mkaa huku umeusahau mkono.

Mpini mwembamba na mgumu huchubua. Uzungushie kitambaa au mpira wa ndani wa baiskeli. Ukilima au ukitwanga, pumzika mara kwa mara, au badili kazi. Mkono usiohisi hukaza mno kwa sababu haujui umekaza kiasi gani.

Jioni, kagua vidole vyote mbele na nyuma. Tafuta wekundu, lengelenge, mwiba, mpasuko. Ngozi isiyo na hisi mara nyingi haitoi jasho, kwa hiyo hukauka na kupasuka. Iloweke katika maji ya kawaida kama dakika 15 au 20, kisha ipake mafuta kabla haijakauka. Mafuta ya nazi yanafaa. Ukiwa na kidonda kilicho wazi, usiloweke. Kisafishe, kifunike, uende zahanati.

Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India kuanzia miaka ya 1940, alijifunza jambo hili kwa wagonjwa wa ukoma. Ukoma nao huharibu mishipa ya fahamu. Watu walidhani ugonjwa wenyewe unakula vidole. Daktari Brand akaona kwamba vidole vingi viliharibiwa na moto, mipini na vidonda vilivyopuuzwa, kwa sababu havikuuma. Wengine waliumwa na panya usingizini wasijue. Dawa yake ikawa kuwapa paka wakalale nao. Na sisi tuchomeke chandarua vizuri. Kinazuia mbu, na panya nao hupata kazi.

2. Nyosha viungo.

Mshipa ukiwa bado safarini, misuli imelala. Ukiuacha mkono umekunjika, viungo vitakauka. Mshipa utafika ukute mlango umefungwa. Kwa hiyo tumia mkono mzima kukunja na kunyosha kila kidole, taratibu, mara kadhaa kwa siku. Usilazimishe. Misuli iliyokaa bila mshipa muda mrefu, kwa kawaida kama mwaka mmoja na nusu, ni vigumu kuamka tena. Ndiyo maana haifai kuchelewa kwenda hospitali.

3. Izoeze ngozi inayoogopa kuguswa.

Wengine wakiguswa hata na shati wanaruka. Huuficha mkono mchana kutwa, na kadiri unavyofichwa ndivyo unavyozidi kuogopa. Jeraha likishafunga kabisa, anza kuisugua ngozi hiyo kwa kitu laini kama pamba au kanga iliyochakaa. Fanya dakika 5 hivi, mara 3 au 4 kwa siku. Ukiizoea, nenda kwenye taulo, halafu dodoki, halafu gunia. Unaweza pia kuzamisha mkono katika bakuli la mchele, baadaye maharage, baadaye mahindi. Isikitike kidogo, lakini isichubuke.

4. Vifundishe vidole kusoma.

Hisi ikianza kurudi, vidole huwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wewe mwenyewe unakumbuka. Herufi ulikuwa unaziona, lakini hukujua zinasema nini. Vidole navyo hupata habari, lakini ubongo haujui kuzisoma. Fundisha hivi: shika kitu huku unakitazama. Fumba macho, endelea kukishika, ufikirie. Fumbua macho, utazame tena. Anza na vitu vikubwa: kijiko, funguo, gunzi la hindi. Kisha vidogo: harage, kifungo, sarafu. Mwisho, ndugu yako akuwekee sarafu mkononi macho yamefumbwa, useme ni ya shilingi ngapi. Fanya kila siku, kidogo kidogo.

5. Upe mkono kazi.

Usiungoje upone wote ndipo uanze kuutumia. Upe kazi nyepesi isiyo na hatari: kuchambua mboga, kukunja nguo, kupukuchua mahindi. Muuza madafu wetu anaweza kuliweka dafu juu ya gogo lenye shimo badala ya kulishika kwa mkono wenye ganzi. Au kijana wake akate, yeye apokee fedha na kuandika hesabu.

KALAMU NAYO NI DAWA

Mshipa unasogea polepole hata mwenyewe haoni. Kukata tamaa huanzia hapo. Lakini wewe unajua kuandika. Chukua daftari. Mara moja kwa wiki, andika. Kwa mfano:

"Jumapili. Ukigonga kovu, umeme unafika katikati ya kiganja. Usiku nimeamka mara tatu."

"Jumapili, baada ya miezi miwili. Umeme unafika shina la kidole cha shahada. Nimefunga kifungo kimoja. Usiku nimeamka mara moja."

Daftari hilo lichukue uendapo hospitali. Daktari ana wagonjwa wengi na muda mfupi. Ukimwambia, "Naumwa tu," atakuwa na kazi ya kukuuliza. Ukimsomea daftari, atajua mshipa unasogea au umesimama. Ukionekana umesimama, usikae. Pengine unahitaji kufunguliwa na kuungwa tena, au kuwekewa kipande cha mshipa mdogo kutoka mguuni. Tena ipo njia ya kuhamisha kano inayofanya kazi ikasaidie kidole kisichofanya kazi. Daktari Brand alifanya upasuaji huo kwa mikono mingi ya wagonjwa wa ukoma.

LINI URUDI UPESI HOSPITALI

Nenda siku hiyohiyo ukiona haya:

Plasta au bandeji inabana, na vidole vinauma sana, vimekuwa baridi au vimebadilika rangi.

Jeraha limevimba, lina joto au usaha, au una homa.

Kidole kilichokuwa kinakunja kimeacha ghafla.

Nenda bila kuchelewa pia ukiona mkono wote unauma kuliko jeraha lenyewe, umevimba, unang'aa, unatoa jasho au kubadilika rangi. Au vidole vinaanza kujikunja kama makucha.

Sisi wa Kibaha hatuko mbali na msaada. Anzia zahanati au kituo cha afya, ukapewe barua. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapa Tumbi. Wazee wanajua kwamba huduma za afya za Tumbi zilikua pamoja na shule na mafunzo ya wakulima katika mradi wa Kibaha, ambao nchi yetu na nchi za Nordiki waliuanzisha mwaka 1963. Mambo yakizidi, mgonjwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Ukiwa hospitali, mwulize daktari maneno haya: "Mshipa gani uliumia? Ulikatika au ulipondeka? Nitazamie hisi baada ya miezi mingapi? Je, naweza kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo?" Usiogope kuuliza. Mkono ni wako.

JAMAA NA MAJIRANI

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliyevunjika mguu tunamwona na gongo, tunampisha. Mwenye mkono wa ganzi hana gongo. Tunamwona mzima, tunamwita mvivu. Neno hilo linamwuma kuliko panga, na likimwingia, huacha mazoezi, huacha kutoka nje, na wengine huanza ulevi.

Basi tumsaidie. Tumpokonye sufuria la moto, tusimpokonye heshima. Tumwachie kazi anazoziweza. Tumwulize, "Umeme umefika wapi wiki hii?" badala ya, "Utapona lini?" Na yeye mwenyewe aseme wazi, asijifiche. Ganzi si aibu.

Sasa turudi kwa muuza madafu. Jioni moja anamwita kaka yake. Anachukua rula, anaiweka kwenye kovu, anahesabu hadi sentimita 6, anaweka alama ya kalamu kiganjani.

"Kaka," anasema, "mshipa umefika hapa. Vidole viko kule."

Kaka anaitazama ile alama. Anakaa kimya kidogo. Kisha anasema, "Kumbe bado yuko njiani." Kesho yake asubuhi anakuja na gogo. Amelitoboa katikati, dafu linakaa bila kushikwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini vidole vya muuza madafu vilikuwa bado na ganzi baada ya miezi mitatu?

2. Mtu amekatwa mshipa sentimita 12 kutoka ncha ya kidole. Ukiongeza mwezi mmoja wa kusubiri, atazamie hisi baada ya miezi mingapi?

3. Taja mambo matatu katika jiko lako yanayoweza kumwumiza mtu mwenye mkono wa ganzi. Mtayabadili vipi?

4. Je, yupo jirani yenu mnayemwita mvivu ambaye hamjamwuliza habari za mkono wake?